Dakika 60 za mchana: mapumziko ya kazini yanahesabiwaje, na kwa nini yanapotea

Neno "mapumziko" kazini limebebeshwa mizigo mingi. Msimamizi akisema "nitakupa mapumziko", huenda anazungumzia saa ya kula, siku ya ofu au likizo ya mwaka. Akisema "tumeamua kukupumzisha", hapo barua ya kuachishwa kazi iko tayari kwenye droo. Ndiyo maana mabishano mengi ya ofisini, kiwandani na dukani ni ya watu wawili wanaotumia neno moja kwa mambo mawili. Mfanyakazi anadai saa yake ya mchana, na jibu analopewa ni "si ulipumzika Jumapili?"

Tuanze kwa kuyatenganisha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara (Zanzibar ina yake, Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005), inataja mapumziko ya namna nne. La kwanza liko ndani ya siku: anayefanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa 5 apewe angalau dakika 60. La pili liko kati ya siku na siku: tangu kutoka jioni hadi kuingia tena, zipite angalau saa 12 mfululizo. La tatu ni la wiki, angalau saa 24 mfululizo. La nne ni likizo ya mwaka, angalau siku 28 mfululizo, sikukuu zitakazoangukia humo zikiwa ndani ya hesabu.

Hakuna hata moja kati ya haya linalolipa deni la jingine. Mwenye bustani ya mchicha anaelewa jambo hili bila kufundishwa: ukimwaga pipa zima Jumapili, Jumatano majani yameshanyauka, na maji ya Jumapili ijayo hayatayarudisha. Mwili nao una mahitaji ya saa, ya siku, ya wiki na ya mwaka, na kila moja lina wakati wake. Makala haya yanahusu zaidi lile la kwanza, la ndani ya siku, kwa sababu ndilo dogo kuliko yote na ndilo linaloibwa kirahisi zaidi.

Hesabu ya saa 45

Sheria hiyo hiyo inaweka kikomo cha saa za kawaida za kazi: saa 9 kwa siku, saa 45 kwa wiki, siku zisizidi 6. Saa ya mapumziko si saa ya kazi, na mwajiri halazimiki kuilipia. Hapo ndipo watu wengi hupotea, kwa hiyo tuifanye hesabu taratibu.

Chukua anayeingia saa 2 asubuhi na kutoka saa 11 jioni. Yupo kazini kwa saa 9, lakini akitoa saa moja ya mchana, amefanya kazi saa 8. Jumatatu hadi Ijumaa ni saa 40. Kufika 45 zimebaki 5, nazo ni Jumamosi, saa 2 asubuhi hadi saa 7 mchana. Ile Jumamosi ya nusu siku iliyozoeleka katika makampuni mengi inakaa sawasawa ndani ya hesabu hii. Tena saa zake hazizidi 5, kwa hiyo siku hiyo mwajiri habanwi kutoa saa ya mapumziko.

Sasa ondoa ile saa ya mchana. Mfanyakazi anakula mkate huku anahudumia wateja, na anatoka saa 11 kama kawaida. Amefanya kazi saa 9, siku 5, jumla 45. Ijumaa jioni wiki yake ya kisheria imeshakwisha, na kila dakika ya Jumamosi ni ovataimu inayopaswa kulipwa si chini ya mara moja na nusu ya ujira wa saa. Saa ya mchana inayomezwa kimyakimya si suala la njaa tu. Ni saa 5 za kazi kila wiki, saa 20 kwa wiki nne, ambazo hakuna aliyeziandika popote.

Kuna kipengele kimoja ambacho watu wachache wanakijua, na kingewasaidia wengi. Mwajiri hailipii saa ya mapumziko, isipokuwa amemtaka mfanyakazi afanye kazi au abaki tayari kwa kazi katika saa hiyo. Maneno "abaki tayari" ni mazito. Mhudumu wa mapokezi anayekula na simu ya ofisi mkononi yuko tayari kwa kazi. Muuza duka anayekula nyuma ya kaunta huku akiambiwa "mteja akija msikilize" yuko tayari kwa kazi. Saa hiyo ina malipo. Na kumtaka mtu afanye kazi wakati wa mapumziko kunaruhusiwa pale tu ambapo kazi yenyewe haiwezi kuachwa bila mtu, au hakuna mwingine anayeweza kuifanya: tanuri lililowashwa, mgonjwa aliye hatarini. "Leo wateja ni wengi" haimo.

Sheria ina mipaka yake pia, na ni vizuri kuisema. Masharti haya ya saa hayamhusu anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa menejimenti ya juu. Kazi ya dharura isiyoweza kusubiri nayo ina msamaha. Mama anayenyonyesha ana haki ya ziada: kuruhusiwa kumnyonyesha mtoto ndani ya saa za kazi, hadi saa 2 kwa siku. Hizo hazitolewi kwenye saa yake ya chakula.

Kwa nini saa moja peke yake haitoshi

Sheria inaweka sakafu, lakini mwili hausubiri saa 5. Shika ndoo ya lita 10 mkono ukiwa umenyooka. Ndani ya muda mfupi mkono unatetemeka, kwa sababu msuli uliokaza unaibana mishipa yake yenyewe na damu inapita kwa shida. Shingo iliyoinamia cherehani au kompyuta iko katika hali hiyo hiyo, ila kwa kiwango kidogo, kwa hiyo huoni chochote hadi saa 9 mchana pale mabega yanapoanza kuuma.

Na uchovu haupandi kama ngazi zilizo sawa. Kadiri unavyouacha ndivyo unavyohitaji muda mrefu zaidi kuuondoa. Sufuria ya ugali ukiiosha mara baada ya kula ni dakika mbili. Ukiuacha ukoko ukauke hadi kesho, utaloweka, utasugua, na bado utaacha alama. Ndiyo sababu dakika 3 hadi 5 kwa kila saa moja ya kazi zina faida kubwa kuliko nusu saa inayokuja mtu akiwa hoi.

Je, ufanye nini katika dakika hizo? Kanuni ni moja: fanya kinyume cha kazi yako. Aliyekaa asimame na kutembea. Aliyesimama akae na kuinua miguu. Mwalimu, au mpokea simu anayeongea kutwa, anyamaze. Anayetazama karibu atazame mbali: kila baada ya dakika 20, angalia kitu kilicho umbali wa mita 6 hivi kwa sekunde 20, na upepese macho, maana mbele ya skrini watu hupepesa mara chache kuliko kawaida na macho hukauka. Fundi cherehani ana njia nzuri zaidi, nayo ni kupanga kazi zipishane, ashone amekaa, kisha akate vitambaa amesimama, kisha arudi kushona. Haipotezi hata dakika moja ya kazi, na mgongo unapumua.

Kwa kanuni hiyo utaona pia kwa nini kuchezea simu si pumziko kwa mtu wa kompyuta. Macho ni yale yale, shingo ile ile, kichwa kinaendelea kusoma na kuamua. Lakini kwa fundi ujenzi aliyebeba zege tangu asubuhi, kukaa kivulini na simu yake ni pumziko halali kabisa. Swali si "simu ni mbaya au nzuri", bali ni kiungo gani kimechoka.

Kwenye jua, mapumziko yana kazi nyingine kubwa zaidi, kuuokoa mwili na joto. Katika miji ya pwani hewa ina unyevu mwingi, jasho halikauki upesi, na jasho lisilokauka halipoozi mwili. Anayefanya kazi nzito katika joto anywe kikombe kimoja cha maji, mililita 250 hivi, kila dakika 15 hadi 20, bila kusubiri kiu, kwa kuwa kiu huja mwili ukiwa umeshapungukiwa. Asizidishe pia: zaidi ya lita 1.4 kwa saa ni nyingi mno, zinaweza kuzimua chumvi ya damu. Mwenzako akianza kuchanganya maneno, kuyumba au kutapika, hilo si suala la mapumziko tena. Mpeleke kivulini, mmwagie maji, mpepee, ita msaada wa tabibu mara moja.

Halafu kuna usingizi wa mchana. Kati ya saa 7 na saa 9, kope huwa nzito, na lawama zote huangukia ugali. Mlo mzito huongeza uzito, ni kweli, lakini mdundo wa saa ya mwili wenyewe hushuka muda huo hata kwa asiyekula. Aliyefunga Ramadhani anaufahamu. Dawa yake ni usingizi mfupi wa dakika 10 hadi 20, na weka kengele. Ukipitiliza hadi dakika 40 au 50 unaingia kwenye usingizi mzito, na ukiamshwa humo utakuwa umelewalewa kuliko ulivyolala. Kahawa nayo huanza kufanya kazi baada ya dakika 20 hadi 30, na kwa watu wengi nusu ya nguvu yake bado imo mwilini saa 5 baadaye. Kikombe cha saa 11 jioni kinamnyang'anya mtu usingizi wa saa 4 usiku, na kesho yake anahitaji viwili. Vinywaji vya kuongeza nguvu ni hadithi hiyo hiyo ikiwa na sukari juu yake. Vinaufunika uchovu, haviutoi, na kwa dereva wa lori au wa bodaboda huo ni uchovu unaoendesha ukiwa umefichwa.

Mlango wa mapumziko

Sehemu nyingi, mapumziko hayapotei kwa ubaya wa mtu. Yanapotea kwa sababu ratiba imepangwa kana kwamba hayapo. Kaunta inahitaji watu sita, wameajiriwa sita, na kila mmoja "atajitafutia muda". Hakuna atakayeupata, kwa sababu akiondoka, mwenzake ndiye anayebeba foleni, na watu waungwana hawapendi kuwabebesha wenzao.

Mpangaji wa ratiba aanze na kutafuta mlango, yaani muda ambao pumziko linaweza kuanza bila mtu kufanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo, kabla wala baada. Njia ni rahisi. Pumziko lisianze mapema kuliko saa 6 kabla ya kutoka, na lisichelewe kuliko saa 5 baada ya kuingia. Kwa anayefanya saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, mlango unafunguka saa 5 asubuhi na kufungwa saa 7 mchana. Ndani yake mnaingia makundi matatu: la saa 5, la saa 6 na la saa 7. Watu sita, wawili wawili. Watu kumi na wawili, wanne wanne. Gawanya idadi ya watu kwa 3, utapata ni wangapi watakosekana kwa wakati mmoja. Ikiwa kaunta haiwezi kuhimili pengo hilo, unahitaji mtu wa kuziba, na mtu mmoja wa kuziba anatosha kwa kila watu watatu.

Mlango huo huo unaonyesha ratiba isiyowezekana. Jaribu duka linalomweka kijana saa 1 asubuhi hadi saa 1 jioni. Mapema kabisa kwa kanuni yetu ni saa 7 mchana. Mwisho kabisa ni saa 6 mchana. Mlango umefungwa kabla haujafunguliwa. Pumziko moja halitoshi, yanatakiwa mawili, kwa mfano saa 5 asubuhi na saa 9 alasiri. Hata hivyo zinabaki saa 10 za kazi kwa siku, saa 60 kwa siku sita. Sheria inaruhusu ovataimu isiyozidi saa 50 kwa wiki nne, wastani wa saa 12 na nusu kwa wiki, yaani jumla ya 57 na nusu. Ratiba hiyo imevuka kikomo hata baada ya kumpa mtu mapumziko yake yote.

Ratiba nzuri huharibika kwa mambo yanayojirudia. Kundi la saa 7 ndilo huumia, kwa kuwa kila ucheleweshaji wa makundi mawili ya mwanzo unalirundikia. Kwa hiyo zungusheni makundi kila wiki, asiwe yule yule mgeni wa kazi anayekula saa 8 kila siku. Siku ya Ijumaa wanaokwenda msikitini waingie kundi linalolingana na saa ya swala. Kikao kisiitishwe ndani ya mlango. Na dakika 60 zianze mtu anapotoka kwenye nafasi yake, si anapotamka "naenda kula" kisha akashikwa na mteja dakika 15. Foleni ya kwa mamantilie inaweza kula robo ya muda. Kuagiza mapema, kundi zima kwa pamoja, kunaurudisha.

Kwa wenye vikao mfululizo tatizo ni la kalenda. Kikao cha saa moja kamili kinachofuatwa na kingine hakiachi hata nafasi ya kwenda msalani. Kipangeni cha dakika 50, cha nusu saa kiwe dakika 25, na mwenye kiti afunge muda ukifika.

"Nisile, nitoke mapema"

Ombi hili ni la kawaida, na katika Ramadhani linaeleweka kabisa. Lakini wajibu wa mwajiri ni kutoa pumziko ndani ya siku, kabla kazi ya mfululizo haijazidi saa 5, siyo mwishoni mwake. Saa moja ya mwisho haiwezi kurudi nyuma kumpumzisha mtu aliyekuwa anasinzia juu ya mashine ya kukatia saa 8 mchana. Aliyefunga hahitaji chakula, lakini bado anahitaji kukaa, kuswali, kulala dakika 15. Kama muda wa kutoka ni muhimu, njia iliyo salama ni kuanza kazi mapema na kuiacha saa ya mchana mahali pake.

Ipo pia wiki iliyobanwa: kwa makubaliano ya maandishi, mtu anaweza kufanya hadi saa 12 kwa siku, muda wa kula ukiwa ndani yake, kwa siku zisizozidi 5 na saa za kawaida zisizozidi 45. Neno la kushika ni "maandishi". Makubaliano ya mdomoni kwenye korido hayamo.

Anayeona saa yake inamezwa aanze na daftari kabla ya malalamiko. Kwa wiki mbili aandike kila siku saa ya kuingia, pumziko lilipoanza, lilipoisha, saa ya kutoka, na sababu kama lilikatizwa. Karatasi hiyo hubadilisha mazungumzo, kwa kuwa mara nyingi msimamizi mwenyewe hajawahi kuiona hesabu. Ikishindikana kwake, kuna tawi la chama cha wafanyakazi, kuna afisa kazi mwenye mamlaka ya kukagua eneo la kazi, na kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Muda wa kufungua mgogoro kwenye Tume ni siku 60, na kwa wa kuachishwa kazi ni siku 30, kwa hiyo daftari lisikae kabatini mwaka mzima.

Aliyejiajiri hana afisa kazi wa kumwendea, na mara nyingi ndiye anayejinyima zaidi. Wakala wa fedha za simu aliye peke yake kibandani anaogopa kwamba akifunga dakika 30, mteja atahamia kwa jirani. Aangalie daftari lake la miamala kwa wiki moja, atafute nusu saa yenye wateja wachache. Mara nyingi ipo, na mara nyingi ni ile ile kila siku. Mamantilie, kwa mfano, hawezi kupumzika saa 7 mchana, lakini saa 4 asubuhi sufuria zikiwa jikoni anaweza kukaa dakika 20 na kula kabla ya wateja, badala ya kula mabaki saa 10 jioni. Wakala afunge kwa utaratibu: ahesabu fedha taslimu, aandike salio la simu, afungie droo, aondoke na simu ya kazi ikiwa imezimwa. Na kibao cha mlangoni kisiseme "narudi sasa hivi", maana hakuna anayejua sasa hivi ni lini. Kiandikwe "Narudi saa 8:30", na saa 8:30 mlango uwe wazi, ili kesho mteja akikikuta tena asubiri.